Waliouma Khanga

Wewe unayesoma hapo, umewahi kutoa nguo sandukuni, nguo ambayo haijaguswa na mtu tangu mwaka juzi, ukakuta pembe yake imelowa mate? Sisemi maji, wala unyevu wa masika. Mate, ya vuguvugu, kama yametoka mdomoni sasa hivi. Kama hujawahi, shukuru Mungu wako, kisha kaa usikie yaliyompata Mwanne.

Mwanne alikuwa na degree. Tuanzie hapo, maana wazazi wake nao walianzia hapo kila walipomtambulisha kwa wageni. Degree ya sosholojia, GPA ya kueleweka, picha ya joho ukutani, na kazi ya kupima lastiki kwa mita kwenye duka la zipu na vifungo Kariakoo. Ndiyo Bongo hiyo. Mumewe, Anuari, alisomea umeme, akaishia kuuza taa za nyuma za magari Gerezani, used, ambazo wenyewe pengine walikuwa bado wanazitafuta. Walipanga chumba kimoja juu ghorofani, dirisha linatazama bati za karakana. Na Mwanne alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mimba haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa hofu. Si ile hofu ambayo mtu anasema "naogopa mwenzenu" huku anacheka. Mwanne akisikia neno leba alitafuta pa kukaa. Alimuuliza mama yake kwenye simu inakuwaje, mama akajibu, "Utajua siku ikifika." Aliuliza wapangaji wenzake, mmoja akaguna, mwingine akamsimulia ndugu yake aliyechanika mpaka akashonwa kama gunia. Akauliza kliniki. Nesi akamwambia, "Dada, foleni ndefu, wewe kunywa maji mengi." Chuo kikuu alikaa akisoma jinsi jamii inavyomtengeneza mwanamke, theory baada ya theory, na hakuna hata mmoja aliyemweleza mtoto anatokaje mtu akabaki mzima.

Ndipo Shangazi Sofia akaja kutoka Masasi.

Huyu alikuwa shangazi yake Anuari, na kwao shangazi ndiye anayemkalisha chini mke wa kijana na kumfunda. Alifika na begi moja. Hakunywa hata maji kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Anuari, wewe toka."

"Nitoke niende wapi, shangazi, chumba ndiyo hiki."

"Nenda kauze hizo taa zako za wizi."

Anuari akatoka. Shangazi akafungua begi akatoa khanga moja kuukuu, maandishi yamefutika yote, rangi imebaki ya chai iliyochacha. Kwenye pembe moja palikuwa na fundo, gumu, kubwa kama ngumi ya mtoto, lina alama za meno juu ya alama za meno.

"Hili alilifunga bibi yake bibi yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Halifunguliwi. Halifuliwi kwa sabuni. Kila mwanamke anayezaa mtoto wa ukoo huu analiuma. Uchungu ukija unauma, unameza. Kwetu mwanamke hazai kwa kelele. Kuanzia leo usilale mbali nalo, na ukitoka unatoka nalo."

"Na nisipoliuma?"

"Utapiga kelele. Watasikia."

"Nani, shangazi?"

Shangazi alitazama mlangoni kwanza. "Watu," akasema. "Nani tena."

Asubuhi yake Mwanne alikuta fundo limelowa. Akadhani dari linavuja. Akalinusa. Lilikuwa na harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya chuma, ya damu iliyokaa. Akaianika khanga dirishani kwenye jua la Dar, jua ambalo linakausha dagaa kabla hujamaliza kuwatandaza. Khanga yote ikakauka. Fundo halikukauka. Alipolikamua, lilitoa povu.

Akamwambia Anuari.

"Mke wangu, hiyo nguo ni ya zamani," Anuari alijibu akitafuta soksi. "Nguo za zamani zina mambo yake. Usimkere shangazi, tafadhali, atanifukuza tena."

Basi Mwanne akaitia khanga kwenye mkoba akaenda nayo kazini.

Mwenye duka aliitwa Lalita, mama wa makamo, mzaliwa wa hapo hapo Kariakoo, anayejua bei ya kila kifungo gizani na ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Siku hiyo alikuwa akibishana na fundi cherehani kuhusu zipu mbovu, nje spika zinaita bei, wasukuma mkokoteni wanadai njia, mtu anagombana na mtu kama kawaida. Mwanne alikuwa anabandika sampuli za vifungo kwenye kadi kwa pini.

Kisha Kariakoo ikazima.

Midomo iliendelea kwenda. Fundi alirusha mikono, Lalita alitikisa kichwa, msukuma mkokoteni alifungua mdomo mpaka koo likaonekana. Sauti hakuna. Badala yake Mwanne alisikia pumzi. Pumzi za watu wengi wanaovutia hewa puani kwa nguvu, kama watu waliozibwa mdomo, zikiingia pamoja na kutoka pamoja, karibu kabisa, kutoka ndani ya mkoba wake.

Sauti za mtaa zikarudi. Lalita alikuwa anamtazama mkono.

"Mwanne. Pini."

Pini ilikuwa imezama kwenye kidole gumba chake mpaka kichwa cha pini kikagusa ngozi. Mwanne akaichomoa. Hakusikia chochote. Na alipokuwa anaitazama ile damu akagundua kitu kingine: ile hofu iliyokuwa imemkaa kifuani miezi yote haikuwepo. Alijitajia leba moyoni, ili ajipime. Leba. Kuchanika. Kufa. Maneno yalipita kama mabasi ya mwendokasi ambayo si ya njia yake.

Sasa ukweli ni kwamba alifurahi. Au tuseme alijua kwamba hapo ndipo mtu hufurahi. Alilala vizuri, akala, akaacha kuuliza watu maswali. Shangazi akamwambia, "Unaona? Limekukubali." Anuari akasema mke wake amekuwa mtulivu, na wanaume wanapenda sana neno hilo.

Ila sauti yake ilikuwa inapungua. Wateja walianza kumwambia, "Ongea, dada, hatukusikii." Na siku moja jioni, wakifunga duka, mlango wa chuma ulimbana vidole na yeye akaendelea kusimama pale, anasubiri Lalita atafute funguo, mpaka Lalita alipogeuka na kuuona mkono.

Lalita aliusukuma mlango akamkalisha kwenye robota la vitambaa.

"Wewe una nini?"

"Niko fine, mama. Nilikuwa naogopa kuzaa. Sasa siogopi."

"Nani amekwambia kuogopa ni ugonjwa?" Lalita alikuwa anamfunga vidole kwa kipande cha bitana. "Mimi niliogopa mpaka nikatapika. Sikiliza, dikri, yaani mwanangu kwa lugha yetu, maana naona mmekatazana kusema. Uchungu unakuja, unapanda, unafika juu, unashuka. Ukishuka unapumzika, mimi nilikunywa chai kabisa. Kila unapokuja unamfungulia mtoto njia, kidogo, kidogo. Hauji kukuua, una kazi yake. Na ukikaribia mwisho utasema siwezi tena. Ukisema hivyo ujue umefika. Dada yangu Pinal alikuwa amenishika mkono, nikampigia kelele mpaka leo ananisema. Nilitukana watu kwa Kigujarati na Kiswahili. Nikazaa."

Yalikuwa maneno ambayo Mwanne aliyatafuta kwa miezi. Yalimfika kama utabiri wa hali ya hewa wa mji mwingine.

"Asante, mama," alisema, na Lalita alilazimika kuinama ili amsikie.

"Na mtoto anacheza?"

Mwanne akaweka mkono tumboni. Akaona tumbo linasogea upande, kisigino kinapita chini ya gauni kama panya chini ya zulia. Aliona kwa macho. Tumboni kwenyewe hakuhisi kitu.

Ijumaa, mchana, wanaume wako msikitini na mtaa umetulia kidogo, Mwanne alikuwa amekaa kitandani, Shangazi Sofia amelala mkekani anakoroma, khanga iko juu ya mto. Harufu ilianza kwanza, ile ya mdomo na chuma, kisha pumzi, na Mwanne alipoinua macho kwenye kioo cha kabati akaona chumba chake kilivyo, kitanda, mkeke, picha ya joho, ila kando ya ukuta mzima walikuwa wameketi wanawake, miguu imenyooshwa mbele, matumbo makubwa, wa zamani na wa juzi, mashavu yamevimba kwa nguo waliyojaziwa mdomoni, na nguo yenyewe ilikuwa moja, khanga ndefu inayotoka kwenye mdomo wa huyu ikaingia kwenye mdomo wa yule na yule na yule, mpaka kwenye kona penye kiti kidogo cha plastiki, ambapo lilikaa jambo lisilo mwanamke wala mwanamume, uso laini kama yai, halina mdomo hata alama yake, linaivuta ile khanga taratibu kwa mikono yote miwili kama mtu anayekunja uzi, na kila linapovuta wanawake wote wanafumba macho, na koo lake linapanda na kushuka, linameza.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Shangazi Sofia. Kijana, ana nywele nyeusi, machozi yanatiririka. Huku kwenye mkeke Shangazi yule yule alikuwa anakoroma.

Baada yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Mwanne alitazama ile nafasi. Akajua ni yake. Alijua vilevile kwamba mtu mwenye akili timamu angekimbia, na akatafuta miguu ya kukimbilia, kisha akaona haraka ya nini. Lile jambo lilimgeuzia uso wake wa yai na bila mdomo likamwambia, na maneno yakasikika ndani ya meno yake: nipe sauti, nikuchukulie uchungu. Mwanne akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kubadilishiwa zamu.

Chupa ilipasukia dukani. Lalita ndiye aliyeyaona maji yakitambaa chini ya meza mpaka kwenye maboksi ya lastiki. Mwanne mwenyewe alikuwa anampimia mteja lesi.

"Unasikia uchungu?"

Mwanne akatikisa kichwa. Hapana.

Lalita hakuuliza mara ya pili. Aliita bajaji, akampigia Anuari, akapiga kelele mtaa mzima upishe. Shangazi, aliyekuja na Anuari, alikutana nao kwenye geti la hospitali, na kabla mlinzi hajasema lolote akalitoa fundo kwenye mkoba wa Mwanne akamtia mdomoni.

"Uma, mwanangu. Usitutie aibu."

"Ndugu mwisho hapa," mlinzi alisema. "Mama peke yake aingie na beseni lake."

"Mimi nitakaa naye tu, nimshike mkono," Lalita alisema.

"Mama, sheria."

"Sheria ya nani?"

"Sheria," mlinzi alirudia, akafunga geti. Huyo naye hajui. Aliajiriwa kufunga.

Ndani ya leba kulikuwa na wanawake wengi kuliko vitanda, na manesi wawili. Mmoja wao, Celina, macho mekundu kwa zamu iliyounganishwa na zamu, alimpima Mwanne, akainua uso haraka.

"Njia imefunguka yote, mama. Wewe umekaa na uchungu huu tangu lini?"

Meno ya Mwanne yalikuwa yamefunga juu ya fundo, na mate yaliyomjaa mdomoni hayakuwa yake, yalikuwa ya wengi, ya chumvi. Miguuni pa kitanda lile jambo lilikuwa limeketi. Hapa halikuhitaji kioo.

Celina aliweka kile kidude cha kusikilizia mapigo, kilicho kama tarumbeta, tumboni. Akasikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza tena, na uso wake ukabadilika.

"Sukuma. Tumbo limekaza kama jiwe, sukuma sasa."

Mwanne hakujua pa kusukumia. Kutoka kifuani kwenda chini alikuwa mgeni.

"Mama, nisikilize. Mtoto anachoka. Mapigo yanashuka. Toa hicho kitambaa, niambie hata neno moja, nitajuaje kama uko na mimi? Mtoto wako anaondoka, unanielewa?"

Alielewa. Alielewa vizuri sana, kama alivyoelewa mitihani: mtoto wangu anakufa. Na hakuogopa. Alikaa na wazo hilo, jinsi mtu anavyokaa na kiatu ambacho si chake, analigeuza huku na huku, na pole pole, mbali, akaona kosa lilipo. Hofu ile aliyochukuliwa ilikuwa na jina la mtoto ndani yake. Ilichukuliwa yote, na mtoto akaenda nayo. Miezi ile aliyokuwa akitafuta pa kukaa kila anaposikia neno leba, alikuwa mama tayari, na hakuna aliyemwambia.

Akajaribu kufungua taya. Zikakataa. Lile jambo likavuta khanga, likameza, na chumba kikaanza kuzima kama Kariakoo ilivyozima, mdomo wa Celina unakwenda bila sauti, wanawake wa ukutani wakajisogeza kumpisha akae, pumzi zao puani zikaingia pamoja na zikatoka pamoja, na Mwanne, ambaye meno yake hayakuwa yake na miguu yake haikuwa yake, akakumbuka ana mikono, mikono inayofungua mafundo ya nyuzi kutwa nzima dukani kwa watu, akaipeleka mdomoni, akaingiza kucha kwenye fundo hapo hapo mbele ya meno, akalitafuta lilipoanzia, na likamkatalia, gumu kama mfupa, lililokazwa na mate ya wanawake ambao hata majina yao hakuyajua, na lile jambo likasimama kwenye kiti kwa mara ya kwanza na uso wake wa yai ukamjia karibu, karibu, mpaka akahisi baridi yake kwenye kope, na ukucha mmoja ukang'oka hakuusikia, na mwingine ukapata upenyo.

Fundo likalegea.

Ndani hapakuwa na kitu. Pembe ya khanga tu, nyekundu, mpya, rangi ambayo haikuwahi kuona jua.

Kisha Mwanne akapiga kelele, na haikuwa yake. Ilikuwa ya bibi kizee wa zamani, inamwita mama yake kwa lugha ambayo Mwanne hakuifahamu. Ikafuata nyingine. Wakatoka mmoja mmoja kwa kinywa chake, wengine wanalia, mmoja anatukana, mmoja anauliza tu kwa nini, kwa nini, na leba nzima ikanyamaza inasikiliza. Anuari alimsimulia baadaye kwamba huko nje getini Shangazi Sofia aliketi chini kwenye vumbi kwa heshima zake zote, akashika mdomo wake kwa mikono miwili. "Hiyo ni yangu," alisema. "Hiyo ndiyo ile yangu." Lalita akamshika bega. Shangazi alilia mpaka alasiri.

Kelele ya mwisho ilikuwa ya Mwanne mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuja na uchungu.

Ukaja wote. Vidole vilivyobanwa na mlango, ukucha, pini, mgongo, nyonga, na hofu juu yake. Ulipanda, ukafika juu, alidhani haushuki. Ukashuka.

"Siwezi tena," alisema, kwa sauti ya kusikika.

"Umefika," Celina alisema. "Naona nywele. Ukija tena, nenda nao."

Ukaja, akaenda nao. Mtoto wa kike alitoka wa buluu, akanyamaza muda ambao Mwanne aliogopa kila chembe yake, aliogopa mpaka meno yakagongana. Celina akamsugua mgongo, akamgeuza, akamsugua. Mtoto akalia. Sauti mbaya, kali, ya mlalamikaji. Mwanne akalia naye.

Celina aliitupa khanga kwenye ndoo ya vitu vya kuchomwa moto.

Kama ni majini ya hadithi za bibi, hapo yangeondoka kwa moshi. Mwanne akiwa amemlaza mtoto kifuani aliliona lile jambo katikati ya wodi, mikono mitupu, linazungusha uso wake wa yai kitanda kwa kitanda. Halikuwa na haraka. Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na binti, uzao wa kwanza, anaita mama.

"Nyamaza," nesi wa pili alimwambia akipita na mabeseni. "Ulipokuwa unamtafuta huyo mtoto ulipiga kelele hivi?"

Mmoja kwenye vitanda akacheka. Binti akavuta pembe ya shuka akaitia mdomoni. Na lile jambo likaenda likaketi miguuni pake, na koo lake likaanza kupanda na kushuka.

"Sista," Mwanne alisema. "Mwambie alie. Kaa naye."

Celina alimtazama yule binti, akatazama wodi. "Tuko wawili, dada. Wawili kwa wote hawa. Nikae na nani niache nani?"

Basi nyinyi mnaohusika, mnajijua. Mnaopanga zamu mezani, mnaosaini vibali vya ajira kwa kasi ya konokono, mnaoshika funguo za lile geti. Manesi mnawatafuta wapi? Wako mtaani huku, wana vyeti, wanauza vocha na vipodozi, wengine tumesoma nao. Waajirini. Geti lifunguliwe, kila mama aingie na mtu wake wa kumshika mkono, awe dada, awe mume, awe mwenye duka. Kliniki mwambieni mwanamke mwili wake utafanya nini, kwa Kiswahili, kabla siku haijafika. Na hilo neno nyamaza litoke kwenye leba, leo, msisubiri semina wala bajeti ijayo, kwa sababu kitanda cha dirishani binti ameshanyamaza.